Kufanya eneokazi la kompyuta ya mbali lijipime kulingana na dirisha lako

Anayeshinda kutwa ndani ya kompyuta ya mbali anaijua adha hii. Umelipanua dirisha hadi ukingo wa skrini, lakini eneokazi (desktop) lililomo ndani limebaki dogo katikati, limezungukwa na weusi. Au umelipunguza dirisha ili usome waraka pembeni, na sasa kila ukitaka kubofya kitufe kilicho chini kulia inakubidi kwanza uvute upau wa kusogezea. Wengi hulizoea tatizo hili wakadhani ndivyo kazi ya mbali ilivyo. Sivyo. Mifumo mingi ya leo inaweza kulifanya eneokazi la mbali libadili ukubwa wake lenyewe kila dirisha linapobadilika, bila kukata muunganisho na bila kufunga programu hata moja. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio mmoja upande wako, au programu msaidizi upande wa pili.

Mwongozo huu unapita kwenye njia kuu: RDP ya Windows (njia ya Microsoft ya kuingia kompyuta ya mbali), RDP kutoka Linux na Mac, VNC (njia nyingine ya kuonyesha na kuendesha skrini ya mbali), kivinjari, na kompyuta pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine). Huna haja ya kusoma zote. Lakini sehemu mbili zinazofuata zisome, kwa sababu bila hizo utabadilisha mipangilio kwa kubahatisha.

Kunyoosha picha si sawa na kubadili ukubwa

Programu za kuunganishia zina njia mbili za kulijaza dirisha, na watu huzichanganya kila mara.

Njia ya kwanza ni kunyoosha picha. Kompyuta ya mbali inaendelea kuchora eneokazi la ukubwa uleule, tuseme pikseli 1920 kwa 1080, na programu iliyo mbele yako inaipunguza au kuikuza picha hiyo hadi itoshe. Herufi hufifia kingo. Dirisha likiwa dogo, maandishi huwa madogo kupita kiasi. Likiwa kubwa, kila kitu huvimba.

Njia ya pili ndiyo tunayoitafuta: programu yako inaipelekea kompyuta ya mbali ujumbe, "sasa nina nafasi ya pikseli 1400 kwa 900", na kompyuta ya mbali inaupanga upya uso wake wote kwa kipimo hicho. Upau wa kazi unasogea, madirisha yanajipanga upya, na kila pikseli inayochorwa kule inaangukia pikseli moja hapa kwako. Tofauti yake ni ile ya nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako na nguo iliyovutwa kwa nguvu ikufikie.

Kutambua unatumia ipi ni rahisi. Litazame neno lolote lililo kwenye eneokazi la mbali, kwa mfano saa iliyo kwenye upau wa kazi, kisha punguza dirisha lako hadi nusu. Saa ikipungua pamoja na dirisha, picha inanyooshwa. Saa ikibaki na ukubwa uleule huku nafasi inayoizunguka ikipungua, ukubwa umebadilika kweli. Upau wa kusogezea ukitokea, hakuna kati ya hizo mbili inayofanya kazi. Kama mashine ya mbali ni Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuchora skrini), unaweza kupata uhakika wa tarakimu. Fungua terminali kule ndani, uandike:

watch -n 1 'xrandr | grep current'

Acha amri hiyo ikiendelea, halafu buruta pembe ya dirisha. Namba zilizo baada ya neno "current" zinapaswa kubadilika sekunde moja au mbili baada ya kuachia kipanya.

Masharti matatu

Ili ukubwa ubadilike kweli, mambo matatu lazima yakutane.

La kwanza, programu yako iwe inajua kutuma ombi. La pili, itifaki iliyo katikati (kanuni ambazo kompyuta mbili huwasiliana kwazo) iwe na nafasi ya kulibeba. Kwenye RDP nafasi hiyo ilikuja na toleo la 8.1, lililotoka pamoja na Windows 8.1 na Windows Server 2012 R2 mwaka 2013: ni chaneli maalumu ya kubadilishana habari za skrini. Kwenye VNC ni nyongeza ya RFB, itifaki inayotumiwa na VNC, na nyongeza hiyo inaitwa ExtendedDesktopSize. Bila hiyo seva inaweza kukuarifu kwamba ukubwa wake umebadilika, lakini wewe huwezi kuiomba ubadilike.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: skrini ya kule lazima iwe ya kubuniwa. Unapoingia Windows kwa RDP, mfumo hukutengenezea skrini isiyo na monita halisi, kwa hiyo inaweza kuwa na kipimo chochote. Vivyo hivyo kwa Xvnc na xrdp, seva za VNC na RDP upande wa Linux. Lakini programu inayokuonyesha kile kilicho kwenye monita halisi ya mezani kule, iwe TeamViewer, AnyDesk, x11vnc au nyinginezo za kutoa msaada kwa mbali, imefungwa na uwezo wa monita hiyo. Monita ina orodha yake ya vipimo inavyovikubali, na 1387 kwa 912 haimo. Hapo utapata ama kunyoosha picha ama kuchagua kipimo kimojawapo kutoka kwenye orodha. Ukijikuta katika hali hiyo usipoteze muda kutafuta kitufe cha siri. Suluhisho ni kubadili njia ya kuunganisha.

Windows kwenda Windows

Programu iliyomo ndani ya Windows, mstsc, inatunza mipangilio yake katika faili lenye kiambishi .rdp. Kisanduku cha mipangilio kinachoonekana kwenye skrini hakionyeshi kila kitu, kwa hiyo napendelea kulihariri faili lenyewe.

Bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika mstsc, kisha ufungue "Show Options". Jaza anwani ya kompyuta ya mbali na jina la mtumiaji. Nenda kwenye kichupo cha "Display" na usukume kitelezi cha ukubwa hadi mwisho kulia, paandikwe "Full Screen". Rudi kichupo cha "General", bofya "Save As", na ulihifadhi faili mahali utakapolikumbuka. Sasa lifungue kwa Notepad. Utaona mistari mingi; tafuta hii, na usioukuta uuongeze:

screen mode id:i:2
use multimon:i:0
smart sizing:i:0
dynamic resolution:i:1

Mstari wa kwanza unasema kipindi (session, yaani muunganisho wako na kila ulichofungua ndani yake) kianze kwa skrini kamili. 1 ingekuwa ndani ya dirisha. Wa pili unazima matumizi ya monita zaidi ya moja. Wa tatu unazima kunyoosha picha. Wa nne ndio moyo wa jambo lenyewe: unaruhusu ukubwa wa kipindi ufuate dirisha. Thamani yake ya kawaida tayari ni 1, lakini faili zilizotengenezwa na mtu mwingine au na programu ya kusimamia miunganisho huweza kuwa na 0, kwa hiyo kuandika wazi kunaondoa shaka. Ukiona pia desktopwidth na desktopheight, hivyo ni vipimo vya kuanzia.

Hifadhi faili, lifungue kwa kubofya mara mbili, uingie. Eneokazi litajaza skrini. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na Break, na utarudi kwenye dirisha la kawaida. Buruta pembe yake, achia, usubiri kidogo. Kuanzia kwenye skrini kamili na kushuka kwenye dirisha ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa mstsc. Kipindi kilichofunguliwa kwa kipimo maalumu ndani ya dirisha wakati mwingine hung'ang'ania kipimo hicho na kukupa upau wa kusogezea. Kompyuta za mkononi nyingi hazina kitufe cha Break. Tumia upau wa muunganisho unaoshuka juu ya skrini kamili, ambao una kitufe cha kurudisha dirisha.

Ukiwa ndani ya dirisha, bofya ikoni ndogo iliyo pembe ya kushoto ya upau wa kichwa. Menyu itakayofunguka ina chaguo la "Smart sizing". Likiwa na tiki, liondoe. Hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha malalamiko kwamba "haifanyi kazi": mtu aliwahi kuwasha kunyoosha picha, akasahau, na tangu hapo anaiona picha ikijaza dirisha kwa herufi zilizofifia.

Tahadhari moja kabla hujahariri. Faili za .rdp zinazotolewa na ofisi wakati mwingine zimesainiwa kidijitali. Ukibadilisha mstari uliomo katika saini, saini hiyo haitakuwa halali tena, na Windows itakuonya au kukataa. Faili la namna hiyo mpelekee aliyelitoa, umwombe abadilishe yeye kisha alisaini upya.

Upande wa mbali, Windows 8.1 na kuendelea, au Server 2012 R2 na kuendelea, hauhitaji kusakinishiwa chochote. Windows 7 na Server 2008 R2 hazina chaneli hii, na hakuna mpangilio utakaoiunda. Kwa mashine hizo kuna njia ya kuzunguka isiyo mbaya: panga ukubwa unaoutaka, kata muunganisho bila kutoka kwenye akaunti, kisha unganisha tena. Programu zako zitakuwa palepale ulipoziacha, na kipindi kitachukua kipimo kipya wakati wa kurudi. Unaweza kukitaja kipimo moja kwa moja:

mstsc /v:192.168.1.20 /w:1400 /h:900

Kama seva ni mpya na bado eneokazi linagoma kupita kiwango fulani, muulize msimamizi kuhusu sera za kundi (Group Policy). Zimo sera mbili chini ya mazingira ya kipindi cha mbali: moja inaweka kikomo cha resolusheni (ukubwa wa skrini kwa pikseli), nyingine inaweka kikomo cha idadi ya monita. Kikomo kikiwekwa pale, hakuna utakachofanya upande wako.

Kutoka Linux

Hapa chombo ni FreeRDP, programu huria ya kuunganisha kwa RDP, na uzuri wake ni kwamba kinasema wazi kinachofanya. Amri ni fupi:

xfreerdp /v:192.168.1.20 /u:jina /size:1400x900 /dynamic-resolution

Kwenye baadhi ya usambazaji wa Linux (distro), toleo la tatu la programu hii linaitwa xfreerdp3. Ukipata ujumbe kwamba amri haipo, jaribu jina hilo. Neno /size ni la kuanzia tu. Neno /dynamic-resolution ndilo linalofungua chaneli ya skrini. Lipo pia /smart-sizing, la kunyoosha picha, na FreeRDP hukataa ukiyaweka yote mawili kwa pamoja. Napenda uamuzi huo, kwa sababu unamlazimisha mtumiaji achague.

Ctrl, Alt na Enter hukuingiza na kukutoa kwenye skrini kamili. Ukitaka dirisha lianze likiwa limejaza nafasi yote isipokuwa pau za mfumo wako, ondoa /size uweke /workarea.

Wanaopendelea kubofya watumie Remmina, ambayo kwa RDP inaitegemea FreeRDP hiyohiyo. Tengeneza muunganisho, na kwenye sehemu ya resolusheni chagua itumie ukubwa wa dirisha la kuanzia. Ukishaunganisha, upauzana una vitufe viwili vinavyofanana kwa sura: kimoja cha "scaled mode", ambacho hunyoosha picha, na kimoja cha "dynamic resolution update". Bonyeza hicho cha pili. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki, seva ya upande wa pili haijakubali kupokea maombi ya kubadili ukubwa, na utafutaji wako uhamie huko.

Kutoka Mac

Programu ya Microsoft ya Mac, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Windows App, ina kichupo cha "Display" kwa kila kompyuta uliyoihifadhi. Tia tiki kwenye chaguo la kusasisha resolusheni dirisha linapobadilika, na uondoe tiki kwenye la kuifanya picha itoshe dirisha. Basi.

Linux ikiwa ndiyo kompyuta ya mbali

Watu wengi huweka xrdp ili waingie Linux kwa programu yoyote ya RDP. Uwezo wa kubadili ukubwa kipindi kikiendelea uliingia katika toleo la 0.9.16, mwaka 2021. Angalia lako:

xrdp --version

Likiwa la zamani zaidi ya hapo, sasisha kabla ya kuhangaika na kitu kingine. Sasisha pamoja nalo kifurushi cha xorgxrdp, ambacho ndicho kinachochora skrini yenyewe. Viwili hivi hutembea pamoja, na xrdp mpya juu ya xorgxrdp ya zamani huleta matatizo ambayo hayajielezi. Kisha fungua /etc/xrdp/xrdp.ini. Kama kuna mstari wa enable_dynamic_resizing uliowekwa false, ubadilishe uwe true, na uanzishe upya huduma:

sudo systemctl restart xrdp

Fanya hivyo wakati hakuna mtu aliyeunganishwa.

Kuna jambo la xrdp linalowatisha watu bila sababu: unaunganisha tena ukiwa na dirisha la ukubwa tofauti, na unakutana na eneokazi tupu, kana kwamba kazi yako imepotea. Haijapotea. Katika /etc/xrdp/sesman.ini kuna mstari wa Policy unaoamua ni lini uendelee na kipindi cha zamani na ni lini upewe kipya. Herufi D ikiwa imo katika thamani ya mstari huo, ukubwa wa skrini unahesabika kama sehemu ya utambulisho wa kipindi, kwa hiyo ukubwa mpya unamaanisha kipindi kipya. Unganisha tena kwa kipimo kilekile cha zamani utaikuta kazi yako, ihifadhi, kisha uiondoe D.

GNOME, mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux, ina seva yake ya RDP ndani kwa ndani, na hapa sharti la tatu linarudi. Kwa kawaida inashiriki skrini halisi iliyo mezani, hivyo ukubwa haufuati dirisha lako. Inaweza kuambiwa ikutengenezee monita ya kubuniwa badala yake:

gsettings set org.gnome.desktop.remote-desktop.rdp screen-share-mode extend

Endesha amri hiyo ukiwa mtumiaji mwenye eneokazi hilo, si kwa sudo, kisha unganisha upya. Utapata skrini ya ziada inayofuata dirisha lako. Kumbuka kwamba madirisha yaliyokuwa yamefunguliwa kwenye monita ya mezani yatabaki kule mpaka uyahamishe. Tangu GNOME 46 upo pia uwezo wa kuingia kwa mbali bila mtu kuwa ameingia mezani kwanza, na kwa kazi ya kila siku huo ndio ninaoupendekeza.

VNC

Sifa ya VNC ya kugoma kubadili ukubwa imetokana na programu za zamani. TigerVNC inaubadilisha vizuri pande zote mbili, na uwezo huo umewashwa tangu mwanzo. Upande wa mbali, anzisha kipindi cha kubuniwa. Namna ya kukianzisha hutofautiana kati ya usambazaji na usambazaji, lakini msingi ni huu:

vncserver :1 -geometry 1280x800

Upande wako:

vncviewer -RemoteResize=1 192.168.1.20:1

Buruta dirisha, na eneokazi lifuate. Lisipofuata, kagua upande wa seva kama kuna mtu aliyeweka AcceptSetDesktopSize=0. Wasimamizi huiweka hivyo kwa sababu ya maana kabisa: kipindi cha VNC kinaweza kutazamwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, na mmoja akipunguza dirisha lake, eneokazi linapungua kwa wote. Kama mnafundishana au mnafanya kazi pamoja ndani ya kipindi kimoja, kubalianeni ukubwa mmoja, na kila mtazamaji azime RemoteResize kwake. Huu ni mmoja wa wakati ambapo kunyoosha picha ni bora.

Ukihitaji kubadili ukubwa kwa mkono, ndani ya Xvnc unaweza kutumia xrandr -s 1600x900, mradi kipimo hicho kimo katika orodha inayotolewa na amri ya xrandr peke yake.

Kupitia kivinjari

noVNC, programu ya VNC inayoendeshwa ndani ya kivinjari, inapokea maelekezo kwenye anwani yenyewe. Mwishoni mwa anwani ya vnc.html ongeza ?resize=remote, na kivinjari kitaiomba seva ibadili ukubwa; ?resize=scale hunyoosha picha; ?resize=off haifanyi lolote. Seva lazima iwe inaikubali ile nyongeza ya ExtendedDesktopSize, kwa hiyo TigerVNC nyuma ya noVNC ni ndoa nzuri.

Apache Guacamole, lango la kufikia kompyuta za mbali kwa kivinjari, ina kipengele kiitwacho resize-method kwa miunganisho ya RDP. Kikiachwa tupu, dirisha la kivinjari likibadilika hakuna kinachotokea kule. Kiweke display-update kwa seva zinazokubali RDP 8.1. Kwa seva za zamani kuna thamani ya reconnect, ambayo hukata na kuunganisha upya kila ukubwa unapobadilika. Inafanya kazi, ila ni nzito: kila unapogeuza simu au tableti, unasubiri muunganisho mpya.

Kompyuta pepe

Kompyuta pepe haina tofauti kubwa na kompyuta ya mbali, isipokuwa ombi la ukubwa hupitia kwa wakala (programu msaidizi) aliyesakinishwa ndani ya mfumo mgeni, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya kompyuta pepe. Bila wakala huyo hakuna anayelisikia.

Kwa virt-manager (programu ya Linux ya kusimamia kompyuta pepe) na SPICE (itifaki inayoonyesha skrini yake), sakinisha spice-vdagent ndani ya mfumo mgeni, uhakikishe mashine ina chaneli ya com.redhat.spice.0 katika orodha ya vifaa vyake, kisha kwenye menyu ya "View", chini ya "Scale Display", tia tiki kwenye "Auto resize VM with window". Kwa VirtualBox, sakinisha Guest Additions, chagua kidhibiti cha picha cha VMSVGA kwa mgeni wa Linux au VBoxSVGA kwa mgeni wa Windows, halafu uwashe "Auto-resize Guest Display". Kwa mgeni wa Linux ndani ya VMware, kifurushi ni open-vm-tools-desktop. Watu husakinisha open-vm-tools pekee na kushangaa, kwa kuwa sehemu inayohusu skrini imo katika kile cha pili. Baada ya kusakinisha wakala yeyote kati ya hawa, washa upya mfumo mgeni.

Skrini zenye pikseli nyingi

Ukiwa na skrini ya 3840 kwa 2160, mafanikio yanaweza kuleta tatizo jipya. Eneokazi la mbali limejipima vizuri kulingana na dirisha, lakini maandishi ni madogo kama punje za mchanga, kwa sababu kompyuta ya mbali imepewa pikseli zote bila kuambiwa kwamba pikseli zako ni ndogo. RDP hubeba pia kiwango cha ukuzaji. Kwa FreeRDP kitaje:

xfreerdp /v:192.168.1.20 /u:jina /dynamic-resolution /scale-desktop:150

Hapo ukubwa unafuata dirisha, na Windows ya kule inachora maandishi kwa asilimia 150. Programu za kisasa zitaitikia papo hapo. Baadhi ya zile za zamani zitabaki na sura mbaya mpaka uzifunge na kuzifungua, au utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Fikiria pia mtandao. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 3840 kwa 2160 ina mara nne ya hizo. Itifaki hubana data na kutuma sehemu zilizobadilika tu, lakini kila ukubwa unapobadilika, uso wote huchorwa upya. Kwenye muunganisho hafifu usiburute dirisha polepole huku na huku. Lipeleke kwenye ukubwa unaoutaka kwa hatua moja, kwa mfano kwa kitufe cha Windows pamoja na mshale, usubiri litulie. Na kama kasi ni ndogo mno, dirisha dogo lenye ukubwa halisi ni jepesi kuliko skrini nzima.

Matatizo madogo yatakayobaki

Mstari mweusi mwembamba kwenye ukingo wa dirisha la RDP si hitilafu. Itifaki inakataa upana usiogawanyika kwa mbili. Ukiburuta hadi upana wa 1401, eneokazi litakuwa 1400 na pikseli moja itabaki tupu. Haikubali pia upana au urefu ulio chini ya pikseli 200 au juu ya 8192, kwa hiyo ukilibana dirisha sana, kuna mahali eneokazi litaacha kupungua.

Ikoni za eneokazi la mbali zitachanganyika utakapopunguza dirisha na huenda zisirudi mahali pake ukilipanua. Kama mpangilio wake ni muhimu kwako, weka unazozihitaji kwenye upau wa kazi, mahali ambapo ukubwa hauzigusi.

Dirisha la programu likibaki nje ya eneo baada ya skrini kupungua, na hulioni ingawa jina lake limo kwenye upau wa kazi, lichague hapo, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, halafu mshale wowote. Dirisha litanata kwenye kipanya, ulisogeze hadi lionekane. Kwanza hakikisha vitufe hivyo vinapelekwa kwenye kompyuta ya mbali na si kwenye yako: katika mstsc mpangilio huo umo kwenye kichupo cha "Local Resources", sehemu ya kibodi.

Na ukijaribu kubadili resolusheni kutoka ndani ya mipangilio ya skrini ya Windows ya mbali, utaambiwa haiwezekani kwenye kipindi cha mbali. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa kuwa: ndani ya RDP anayeamua ukubwa ni programu iliyo mbele yako.